Kijiti cha Pili

Nianze na ujinga wangu kabisa, usije ukakutana nao katikati ya habari ukaniona mnafiki. Nilitengeneza kijiti cha pili. Nilikitengeneza kwa mikono hii hii, siku ya Jumatano, kipindi cha Uraia, chini ya dawati, kwa tupa ya mtu ambaye mpaka leo hajui kwamba aliniazima. Mwalimu alikuwa anaeleza sifa za raia mwema. Mimi nilikuwa nakwangua bomba.

Kama hujui kijiti ni nini, usijilaumu. Katesh nzima wanaojua ni watu wanne, na hao wanne ndio sisi tunaochezea treni.

Ndiyo, treni. Ndogo, za makopo ya samaki, zinazotembea kwa betri za simu zilizochoka. Najua utakachouliza, maana kila mteja anayeingia kibandani kwa fundi wetu huuliza: treni gani, na hapa hakuna reli? Hakuna. Reli ya karibu ni ya kupanda basi kwanza. Mimi sijawahi kuona treni ya kweli hata siku moja, na fundi mwenyewe ameziona kwenye simu tu, za wazungu wazima na mvi zao wanalala chali sakafuni chini ya meza, wanapuliza filimbi. Aliponionyesha mara ya kwanza nilidhani ni hospitali.

Huyo fundi ni fundi simu, ana kibanda karibu na stendi. Ndiye huunda injini, kwa mota anazong'oa kwenye deki zilizokufa. Chumba cha pili, ukuta mmoja, ni cha dada yake, fundi cherehani, ambaye hushona milima na abiria. Halafu kuna mzee wa reli. Huyu ndiye pekee kati yetu aliyeziona zenyewe: alifanya kazi kwenye stesheni za reli ya kati tangu ujana mpaka kustaafu, ndipo akarudi kwao Hanang kulima mahindi na kukamua ng'ombe wawili. Wa nne ni mimi, kidato cha tatu, mwenye injini moja ya bluu niliyoiunda mwenyewe, ambayo fundi anasema inafanana na jeneza la panya.

Reli yetu ni spoki za baiskeli. Inaanzia Katesh, yaani kwenye rafu ya fundi, inapita kwenye tundu la ukutani lililofunikwa na mlima wa kitambaa cha kijani, inatokea Mbulu, yaani chumbani kwa dada. Kwa nini Mbulu? Kwa sababu dada alisema hashoni mlima hata mmoja kama reli haimfikishi Mbulu, amechoka kutapika kwenye basi.

"Ule mlima treni haipandi," mzee alimwambia, akampigia hesabu ya mwinuko kwa chaki juu ya meza. "Itarudi nyuma kama punda aliyeona mzigo."

"Baba, kwenye rafu imepanda."

"Rafu imenyooka!"

"Basi na Mbulu nayo tumeinyoosha."

Fundi yeye anataka tawi la kwenda Basotu, la kubeba ngano na samaki. Tawi hilo limekwama tangu mwaka jana kwa kukosa spoki, na kila baiskeli ikipita mbele ya kibanda fundi huitazama kwa namna inayonitia wasiwasi.

Kila siku saa kumi, nikitoka shule, tunakutana hapo mpaka adhana ya magharibi, fundi anapofunga. Kazi tunayofanya ni kidogo. Sehemu kubwa ni mdomo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umechelewa dakika nne."

"Mwalimu alitushika, babu."

"Treni haimjui mwalimu."

"Mzee," fundi anadakia bila kuinua macho kwenye simu anayoifungua, "hizo treni zako za kweli nazo zilikuwa zinafika kwa wakati?"

"Hazikufika hata siku moja," mzee anasema. "Lakini tuliandika zimechelewa dakika ngapi."

Halafu dada kutoka upande wa pili wa ukuta, cherehani ikiwa imesimama: "Baba, hivi abiria akibanwa humo ndani anafanyaje?"

"Kuna choo."

"Na hicho choo kinamwaga wapi?"

Mzee anakohoa. "Relini."

"Kwangu Mbulu hammwagi! Mkifika Dongobesh mfunge hiyo milango!"

Ndivyo tulivyo. Hakuna anayekumbuka ilianzaje, na sidhani kama kuna anayejua ni ya nini.

Sasa kijiti. Mzee alituwekea sheria moja tu, na hiyo hataniwi nayo: njia moja, kijiti kimoja. Kijiti ni kipande cha bomba la pazia, urefu wa kidole, amekipaka rangi nyekundu ya kucha aliyopewa na dada, kisha akakitia mikato mitatu kwa tupa. Treni haitoki kituo chochote mpaka kijiti kiwe juu ya behewa lake. Kikifika Mbulu, dada anakichomeka kwenye msumari wake, na Katesh mnakaa mnasubiri kirudi na treni. Kwa kuwa kuna ukuta katikati, wa huku haoni ya kule. Haulizi, hapigi kelele, haamini neno la mtu. Anaamini kijiti. Mzee, ndiye stesheni masta wa Katesh, akishakitoa anaandika kwenye daftari lake kubwa: saa ngapi, injini gani, kwenda wapi.

"Miaka yangu yote," husema, "sijaachia treni mbili njia moja. Siku nikiziachia, mjue akili imekwisha. Mpigieni binti yangu aje anichukue."

Tulikuwa tunacheka. Yeye alikuwa hacheki sana. Binti yake yuko Arusha, na kwa muda mrefu anamtaka ahamie kwake, na mzee hataki. Anasema Arusha atakaa kwenye kochi kama mto. Lakini kaka mkubwa wa mzee alipoteza kumbukumbu pole pole, mpaka asubuhi moja akasimama kwenye geti lake mwenyewe akibisha hodi na kuuliza wenyeji wako wapi. Tangu hapo mzee anajipima. Kila jioni kabla ya kuondoka hufumba macho na kutaja vituo kuanzia Dodoma: Bahi, Kintinku, Makutupora, Saranda, Manyoni, anaendelea mpaka Tabora. Siku moja nilimchomekea Basotu katikati. Alisimama, akanitazama, akarudi Dodoma akaanza upya. Mimi niliona ni kichekesho kizuri sana.

Basi Alhamisi nikaja na kijiti changu mfukoni, kimepakwa rangi kutoka chupa ile ile ya dada. Injini ya fundi, tunayoiita Kijani, ilikuwa imekwenda Mbulu na kijiti cha kweli. Msumari wa Katesh ulikuwa mtupu. Mzee alikuwa ameupa mgongo, anamsimulia fundi habari ya mbuzi aliyesafirishwa na tiketi yake shingoni akaila njiani. Nikachomeka changu msumarini.

Nilitaka akione tu. Ageuke, akute kijiti Katesh wakati kijiti kiko Mbulu, macho yamtoke, aseme "ninacho," na dada aseme "ninacho mimi," tucheke mpaka adhana. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Sikuwa na ukurasa wa pili.

Mzee akanyoosha mkono nyuma, akakitoa msumarini. Akakisugua kwa kidole gumba. Akasita, kama mtu aliyekutana na jiwe kwenye wali. Akatazama daftari. Akanitazama mimi.

"Kijani imerudi?"

Kijani ikirudi huingia kwenye banda lake, kopo la mafuta lenye mlango. Angeinama angeona banda tupu, lakini magoti yake hayapendi kuinama. Na mimi sikujibu. Nilikuwa nimeubana mdomo nisicheke, na naona yeye akadhani kunyamaza kwangu ni heshima, jambo ambalo lilipaswa kumshtua.

"Haya, Bluu," akasema, akakiweka juu ya behewa langu. "Njia ni yako."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikawasha. Stesheni masta amekwambia nenda, kidole chako kiko kwenye swichi, unakwenda.

Upande wa pili dada naye, mwenye kijiti cha halali kabisa, alikuwa ameiachia Kijani.

Zilikutana ndani ya mlima. Tulisikia kitu kama kijiko kimeanguka kwenye sufuria, mlima ukainuka, kisha Kijani ikatoka upande wetu ikiwa kichwa chini, ikadondoka sakafuni. Uso wake ulikuwa umebonyea mpaka ndani. Gurudumu moja liliendelea na safari peke yake mpaka chini ya kabati.

"Nani ameachia?" dada akapiga kelele. "Kijiti ninacho mimi!"

Nikakimbilia Bluu nikaichomoa tunduni, na kwa mkono wa pili nikakitia kijiti changu mfukoni. Hilo nalo sikulipanga. Mkono ulijiamulia. Dada akaingia na chake kakiinua juu. Fundi alikuwa amepiga magoti, ameishika Kijani kwa viganja viwili, injini aliyoiunda masika nzima, akatupa mgongo nayo.

Mzee akatazama kijiti cha dada. Akatazama msumari. Akanigeukia.

"Nilikupa kijiti, kijana," akasema, na ilipoanza haikuwa swali, ila ilipofika mwisho ilikuwa imekuwa swali.

Wote wakanitazama. Na mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno, ukasema: "Hapana, babu. Ulisema tu niende."

Alikaa kwenye kigoda. Akaangalia kidole gumba chake, akakisugua na kidole cha shahada, kama mtu anayepima unga. Akauliza tena, taratibu, kama sikumpa kweli kitu chochote, au yeye hakunipa, akachanganya maneno, akaacha. Jioni ile hakutaja vituo. Alichukua daftari lake akaondoka kabla ya adhana, na mimi nikazunguka nyuma ya kibanda nikakitupa kijiti chooni. Kilichukua muda kufika chini.

Ijumaa hakuja. Tulikaa watatu tukazungumza mambo ya kawaida, ila kila mtu akimaliza sentensi tulikuwa tunasubiri mtu atusahihishe. Jumamosi asubuhi bodaboda akaleta daftari. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake uliosimama wima: Bluu imeondoka bila kijiti. Kosa langu.

"Amempigia binti yake mwenyewe," dada alisema. Alikuwa ameongea na mzee kwa simu, macho yamemwiva. "Anakuja kesho na gari kumchukua. Ng'ombe wanakwenda kwa shemeji yake."

"Ni mimi," fundi akasema. "Si nilinuna? Nilinuna kwa ajili ya kopo. Kopo!"

"Siyo wewe, kaka. Amesema alikiona kijiti. Amesema alikishika mkononi, wakati hakikuwepo. Ndicho kinachomtisha."

Niliwatazama wale ndugu wawili wakibishania kosa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifanya, fundi akiling'ang'ania liwe lake, na mwenye nalo nimesimama katikati nimeshika koti la shule. Nikasema naenda nyumbani kumsaidia mama. Hapo wangepaswa kujua kuna jambo.

Mama alikuwa uani anapeta maharage. Nilimweleza. Haikuwa rahisi kama unavyosoma wewe hapa.

"Kijiti gani?"

"Cha treni, mama."

"Treni ya nani?"

"Yetu."

"Sisi tuna treni?"

"Ya kwenda Mbulu."

Aliacha kupeta, akanigusa shingo kuona kama nina homa. Nikarudia tangu mwanzo: ukuta, tundu, msumari, mikato. Nilipofika kwenye mgongano aliuliza kama kuna aliyekufa. Nikasema ni abiria wa uzi. Akasema haelewi, nikasema na mimi sielewi, nikaanza kulia, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wowote. Akaniacha nikamaliza.

"Ngoja," akasema. "Yule mzee anaamini kichwa chake kimeharibika."

"Ndiyo."

"Na hakijaharibika."

"Ndiyo."

"Na anayejua ni wewe peke yako."

"Na wewe sasa."

Akaweka ungo chini, akajifunga kitenge. "Vaa viatu."

Tulimkuta mzee mbele ya nyumba, anamwonyesha shemeji yake ng'ombe yupi hupiga teke na kwa mguu upi. Begi lilikuwa mlangoni. Mama akamwamkia, wakaulizana habari za mvua, za mahindi, za watoto, habari zote zilizopo duniani isipokuwa ile tuliyoileta. Kisha mama akanisukuma mgongoni kwa kidole kimoja.

Nikasema yote. Bomba, tupa, rangi ya kucha, msumari, mfuko, choo. Nilisema mpaka nikaishiwa. Mzee alisikiliza hali anatabasamu, tabasamu la mtu anayetazama mtoto akiimba kanisani.

"Asante, mjukuu wangu," akasema. "Na wewe mama, asante kumleta anifariji."

"Huyu?" mama akashangaa. "Mzee, huyu hajawahi kumfariji mtu. Huyu akimkuta mtu analia anamwuliza kama anakata vitunguu."

"Ana moyo mzuri."

"Hana!"

Nikawatazama. Mama yangu mzazi anapigania ubaya wangu, na mtu niliyemkosea anautetea wema wangu. Sikujua nimshangilie nani.

"Kiko wapi basi hicho kijiti?" mzee akauliza.

"Nilikitupa chooni, babu."

"Aha."

"Naweza kutengeneza kingine sasa hivi uone!"

"Utatengeneza hata kumi. Vitanionyesha kwamba leo unajua kutengeneza. Havitanionyesha Alhamisi nilishika nini."

"Babu, kumbuka daftari! Hukuandika Bluu imetoka mpaka baadaye!"

"Ndiyo maana yake. Nilitoa treni bila kuandika. Hilo ni baya zaidi."

Kila nilichokishika kiligeuka kikamsaidia yeye. Maisha yangu yote nimesema uongo ukapita bila hata kusimamishwa mlangoni, na siku nilipoleta ukweli, na mama kama shahidi, haupiti. Nadhani hata yeye aliona nimeishiwa nguvu, kwa hiyo akavuta kigoda na kutoa kalamu mfuko wa shati, akageuza karatasi ya kalenda ya zamani. Mazoea tu ya kazi, kila ajali ina maswali yake.

"Rangi?"

"Ya kucha. Ya dada."

"Urefu?"

"Kidole cha kati. Changu."

"Mikato?"

"Mitatu. Ila wa tatu ulipinda, babu. Mwalimu aligeuka ghafla, tupa ikateleza. Ulikwenda mshazari ukaacha kincha. Sikupata nafasi ya kukisugua, kilikuwa kinakwaruza."

Kalamu ikasimama.

"Rudia."

"Wa tatu ulipinda."

"Mwisho wake."

"Kilikuwa kinakwaruza."

Mzee akaweka kalamu chini. Akanyanyua kidole gumba chake, akamwonyesha mama, sio mimi. "Kilinikwaruza," akasema. "Nilipokitoa msumarini kilinikwaruza hapa, nikasema hiki si changu. Nikatazama daftari, nikamtazama huyu, ametulia kama malaika kwenye picha. Kisha akaniambia hakikuwepo. Siku mbili hizi, mama, silali. Nasugua kidole hiki najiuliza mtu anakwaruzwaje na kitu ambacho hakipo."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka shemeji yake akaja kutoka zizini. Halafu akaacha kucheka, akainuka, akachukua fimbo ya ng'ombe. Nikaruka nyuma ya mama. Mama akasogea pembeni.

Alinichapa moja ya mguuni, ya haki kabisa, akanishika mkono akautikisa, akaniambia asante, akaniambia nimefukuzwa kazi. Yote hayo kabla sijavuta pumzi mara ya pili. Mpaka sasa sijui nilipaswa kujibu ipi kwanza. Nikasema marahaba, neno ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima maishani, na mama akafumba macho.

Mzee hakusikia. Alikuwa na simu sikioni. "Mwanangu! Kesho uje, ule, urudi peke yako. Hapana. Hapana, sijachanganyikiwa! Kilikuwepo. Nasema kilikuwepo. Kijiti! Nitakueleza ukija. Kilikuwepo!" Alilisema mara tatu, na kila mara sauti yake ilikuwa ya kijana zaidi. Alipokata simu alimwambia shemeji yake awarudishe ng'ombe kwenye kamba. Kisha akanigeukia: nisiiguse Bluu mpaka Kijani itengemae, na kabla ya magharibi niwe nimesimama mbele ya fundi na dada yake nikawaambia kama nilivyomwambia yeye, bila kupunguza.

Tukashuka. Mama mbele, mimi nyuma na mguu wangu. Upepo ulikuwa unatoka mlimani na vumbi lote la njia. Nilijaribu kusema kitu cha kuchekesha kuhusu fimbo, hakugeuka. Nikajaribu kingine kuhusu ng'ombe. Tulipofika njia panda, yeye wa kwenda nyumbani na mimi wa kwenda stendi, alisimama, akakaza kitenge chake. Halafu mama akasema:

"Mambo ya treni siyajui, na sitaki kuyajua. Ila yule mzee alikuuliza kama alikupa, ukamtazama usoni ukamwambia hapana. Mimi nami nitazeeka. Nikianza kusahau, nitakayekuwa namuuliza ni wewe."